Kupunguza Matiti kwa Upasuaji: Mume na Mke Waamueje?



Leo tunagusa jambo ambalo wengi hulionea haya. Katika parokia zetu za Meru na Embu wapo akina mama ambao matiti yao ni makubwa na mazito kupita kiasi, hata yanawaumiza mchana na usiku. Wamesikia kwamba madaktari wanaweza kuyapunguza kwa upasuaji. Basi maswali huzuka nyumbani. Je, ni dhambi kukata kilichoumbwa na Mungu? Mume ana neno gani katika jambo hili? Watoto watakaozaliwa watanyonya nini? Kwa kuwa maswali haya hayaulizwi hadharani, mara nyingi hujibiwa na majirani, na majibu ya majirani hayajengi nyumba. Tuyatazame sisi wenyewe kwa mwanga wa imani.

MAMA ALIYEPINDA MGONGO

Mwinjili Luka, katika sura ya 13, anatusimulia habari za mama aliyepinda mgongo kwa muda wa miaka 18, asiweze hata kidogo kujinyosha. Yesu alikuwa akifundisha katika sinagogi siku ya Sabato. Tutazame alivyofanya. Kwanza alimwona. Kisha alimwita. Halafu akamwekea mikono, naye mama akasimama wima na kumtukuza Mungu. Hatusomi kwamba mama huyo aliomba kitu. Labda alikwisha kukata tamaa, na labda watu wa sinagogi walikwisha kumzoea hivyo alivyo. Mkuu wa sinagogi alipokasirika kwa ajili ya Sabato, Bwana alimkumbusha kwamba hata mifugo hufunguliwa siku hiyo ikanyweshwe maji. Itakuwaje basi binti wa Abrahamu aachwe kifungoni?

Hatusemi kwamba Injili hii inahusu upasuaji. Lakini inatufundisha mahali pa kuanzia. Tusianze na maneno ya watu, wala tusianze na katazo. Tuanze kwa kumwona mtu anayeumia.

MZIGO USIOONEKANA

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo aliobeba mwingine huonekana mwepesi. Baba unayesoma ukurasa huu, labda hujawahi kufikiri kwamba matiti yanaweza kuwa mzigo. Jaribu kufikiri. Mama anayechuma majani chai kwenye miteremko ya Mlima Kenya, upande wa Runyenjes au Imenti, hubeba kikapu mgongoni na kuinama juu ya michai tangu asubuhi. Jioni hukitua kikapu penye kituo cha kupimia chai. Mzigo wa mbele hautui. Anapika nao, anafua nao, anapiga magoti nao kanisani, na usiku analala nao.

Madaktari wanautambua ugonjwa huu. Mama huumwa shingo, mabega na mgongo. Mikanda ya sidiria huchimba mabega hata yakabaki na mifereji. Wengine hufa ganzi mikononi. Katika sehemu za joto, kama vile Siakago au Marimanti, jasho hukusanyika chini ya matiti na ngozi huwasha, huchubuka na kutoa harufu, na mama huyo huanza kujitenga na wenzake. Wala si kweli kwamba ni unene tu. Titi lina mafuta, lakini lina tezi pia, na tezi haipungui kwa kula kidogo. Ndiyo maana hata mama mwembamba anaweza kupatwa na shida hii.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuseme kuna mume na mke waliofunga ndoa kanisani miaka 11 iliyopita, nao wana watoto watatu. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya, akaacha. Mumewe alidhani amepoa katika imani. Kumbe aliona haya kucheza mbele ya watu, maana vijana walikuwa wakimcheka. Usiku hulala kwa ubavu akimpa mumewe mgongo, kwa sababu akilala chali matiti humlemea kifuani. Mume naye anasema moyoni, "Mke wangu amenichoka." Hajauliza, na mke hajasema.

Siku moja mama anatamka neno: anataka kwenda kwa daktari akapunguzwe. Mume anashtuka. "Mungu amekuumba hivyo," anasema. "Na tukipata mtoto mwingine? Na fedha zitoke wapi, tuuze ng'ombe?" Mama mkwe akisikia anasema kwamba yeye alilea watoto wanane wala hakukatwa popote. Mke ananyamaza. Na katika ukimya ule kila mmoja anajiona ameachwa peke yake.

Nani ana haki hapa? Mume ana neno la kweli anapouliza juu ya mtoto na juu ya fedha, kwa maana hayo ni mambo ya nyumba nzima. Lakini amekosea mahali pa kuanzia. Amejibu ombi kabla ya kuuliza juu ya maumivu. Mke naye ana haki ya kutafuta nafuu, lakini alibeba mateso yake miaka mingi bila kumshirikisha mwenzi wake, kisha akamletea uamuzi badala ya kumletea shida yake. Ndoa ya nyumba hii ina jeraha ambalo kisu cha daktari hakitalifikia, yaani ukimya wao. Hilo litibiwe kwanza.

JE, NI DHAMBI?

Hapana. Kumtibu mtu anayeumia si dhambi, hata kama matibabu yenyewe ni kuondoa sehemu ya mwili. Kanisa limefundisha siku nyingi kwamba kila kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima. Kiungo kikiuletea mwili madhara, chaweza kupunguzwa au kuondolewa kwa faida ya mwili wote. Baba Mtakatifu Pio XII alilieleza jambo hili kwa madaktari mara kadhaa. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku chache tu kabla ya kufa kwake, alizungumza na madaktari wa Italia wanaofanya upasuaji wa kurekebisha maumbile. Aliwaambia kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa si jema lililo kuu. Akaeleza kwamba upasuaji wa namna hiyo unaruhusiwa nia ikiwa njema, mgonjwa akikingwa na hatari, na sababu ikiwa ya kutosha. Lakini hakuukubali pale unapotafutwa kwa majivuno au kwa kuwatega wengine.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2297, nayo inapokataza kukata au kuharibu viungo kwa makusudi, huyaweka kando matibabu ya kweli. Na katika namba 2289 inatuonya tusiufanye mwili kuwa kama mungu wa kuabudiwa. Yashikeni mafundisho haya mawili pamoja. Mwili utunzwe, lakini usiabudiwe.

Kwetu Meru na Embu swali jingine huulizwa kwa sauti ya chini: Je, jambo hili lina tofauti gani na ukeketaji ambao Kanisa linaukataa? Ni swali la haki. Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka 1956 baraza la Njuri Ncheke lilipiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru, na wasichana wengi wakakatana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana. Walitaka kuhesabiwa kuwa wanawake kamili machoni pa jamii. Mwaka 2011 sheria ya Kenya ilikataza ukeketaji nchini kote. Tofauti ni hii: ukeketaji huondoa kiungo kizima kisicho na ugonjwa ili kuridhisha mila na macho ya watu. Upasuaji tunaouzungumzia humwondolea mgonjwa maumivu, kwa hiari yake mwenyewe akiwa mtu mzima. Lakini jihadharini. Mama akikatwa kwa sababu tu ya macho ya watu, au kwa kulazimishwa, basi tumeanza kurudi kule kule tulikotoka.

KUPIMA NIA

Kwa hiyo, mama, jiulize mbele ya Mungu: Ninatafuta nini? Kama ni kupata nafuu ya mgongo, kulala usingizi, kufanya kazi na kucheza na watoto wako, sababu hiyo ni njema. Hata aibu inayokufanya ujifungie nyumbani ni mateso ya kweli, usiyadharau. Lakini kama ni kumshinda mwanamke fulani, au kufanana na picha ulizoziona katika simu, ngoja kwanza. Picha hizo hubadilika kila mwaka, na kovu halibadiliki.

Katika sura ya 11 ya Injili ya Luka, mama mmoja katikati ya umati alimsifu mama yake Yesu kwa ajili ya tumbo lililomzaa na matiti yaliyomnyonyesha. Yesu hakuyadharau matiti ya Mama yake. Lakini alionyesha heri iliyo kubwa zaidi, yaani kulisikia neno la Mungu na kulishika. Basi, mama, heshima yako haipimwi kwa ukubwa wa matiti wala kwa udogo wake. Ulikuwa binti wa Mungu kabla ya upasuaji, na utakuwa binti wa Mungu baada yake, au bila ya huo upasuaji.

Na wewe, baba, jiulize pia. Unakataa kwa sababu unamwogopea mkeo, au kwa sababu unapenda matiti yake yalivyo na hutaki kupungukiwa? Au labda wewe ndiwe unayemsukuma akakatwe, kwa kuwa umechoka naye na macho yako yako nje? Mtume Paulo, katika sura ya 7 ya Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anafundisha kwamba mwili wa mke si wake peke yake, bali ni wa mumewe pia. Akina baba wengi hukomea hapo. Lakini Paulo anaendelea na kusema vivyo hivyo juu ya mwili wa mume. Maana yake ni kwamba kila mmoja amekabidhiwa mwenzake amtunze. Mwenye kukabidhiwa kitu cha thamani hakiachi kiumie kwa kuwa hakimuumi yeye.

Basi mume asikilizwe, atoe hofu zake zote, na mke azipime kwa upendo. Lakini idhini ya kupasuliwa hutolewa na mgonjwa mwenyewe. Mume asimlazimishe mkewe kupasuliwa, wala asimtishe kwamba atamwacha akipasuliwa.

MJUE UKWELI KABLA YA KUAMUA

Upendo bila maarifa hupotea njia. Haya ndiyo mambo ambayo nyote wawili mnapaswa kuyajua:

1. Upasuaji huu ni mkubwa. Kwa kawaida mgonjwa hulazwa usingizi wa dawa, na kazi huchukua saa 2 hadi 4. Daktari huondoa sehemu ya tezi, mafuta na ngozi, kisha huipandisha chuchu mahali pake.

2. Makovu hubaki. Hufifia baada ya miezi mingi, lakini hayafutiki. Ngozi yetu nyeusi huelekea zaidi kufanya makovu yanayovimba. Kama kovu lako la zamani liliota nyama, mwambie daktari mapema.

3. Chuchu yaweza kupoteza hisia, kwa muda au moja kwa moja. Jambo hili linahusu faragha ya ndoa yenu, lizungumzeni bila haya.

4. Kunyonyesha kwaweza kupungua. Wapo wanaoweza kunyonyesha baadaye, wapo wanaopata maziwa kidogo tu, na wapo wasioweza kabisa, hasa kama chuchu ilitenganishwa na mirija ya maziwa. Tena mimba yaweza kuyakuza matiti upya. Kwa sababu hiyo madaktari wengi hushauri mama amalize kwanza kuzaa, au angalau angoje miezi 6 hivi baada ya kumwachisha mtoto ziwa.

5. Hatari zipo, kama katika upasuaji wowote: kutoka damu, kidonda kuoza, damu kuganda katika mishipa. Wenye kisukari na wavuta sigara hupona kwa shida zaidi.

6. Faida nayo ipo. Akina mama wengi waliofanyiwa upasuaji huu kwa sababu ya maumivu husema wamepata nafuu kubwa.

HATUA ZA KUFUATA

Msikimbilie kisu. Kwanza jaribuni njia nyepesi. Akina mama wengi hununua sidiria za mitumba sokoni, Gakoromone au kwingineko, bila kupimwa. Sidiria inayotosha vizuri, yenye mikanda mipana, yaweza kupunguza maumivu. Dawa ya ngozi na mazoezi ya mgongo na mabega husaidia pia. Kama uzito wa mwili umezidi, kuupunguza kwaweza kuleta nafuu kiasi.

Shida ikibaki, nendeni pamoja hospitali iliyo karibu, kama vile Nkubu, Kyeni, au hospitali kuu za Meru na Embu. Mama achunguzwe matiti vizuri, kwa maana saratani ya matiti ipo kwetu nayo haitakiwi kufichwa nyuma ya shida nyingine. Madaktari bingwa wa upasuaji wa namna hii ni wachache, na wengi wao wako Nairobi, kwa mfano katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ombeni barua ya kuwapeleka huko.

Msidanganywe na matangazo. Mwaka 2024 mama mmoja alifariki baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta katika kliniki ya Nairobi, na kliniki hiyo ikafungwa. Jina la daktari na la hospitali yatafuteni katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, yaani KMPDC. Daktari mwema hachoki kuulizwa.

Kuhusu fedha, ulizeni mapema SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, italipa nini na haitalipa nini. Msijiingize katika deni litakalowaondoa watoto shuleni. Kama ni kuuza ng'ombe, mwuze kwa shauri la wote wawili. Wala si lazima mambo ya mwili wa mama yatangazwe katika harambee. Siri ya mgonjwa ni mali yake.

Kama bado mnatazamia mtoto, kaeni chini mpange. Wanandoa wanaofuata mpango wa asili wa uzazi wamekwisha kujifunza kuzungumza juu ya mwili na wakati wake, na mazungumzo hayo yatawasaidia hapa pia. Kungoja miaka miwili kwa kukubaliana, mume akijua kile mkewe anachobeba, ni tofauti na kungoja kwa kukatazwa.

BAADA YA KUAMUA

Mkiamua kutofanya, hamjakosea. Mama aweza kuutolea mzigo wake pamoja na mateso ya Kristo, lakini mume asimhubirie msalaba huku yeye akiwa ameketi. Simoni wa Kirene alipewa kuubeba msalaba wa Yesu, hakupewa kuutazama. Mchukulie kuni. Mtekee maji. Kikapu cha chai kibebe wewe.

Mkiamua kufanya, nendeni kwa amani. Zungumzeni na padre wenu juu ya kitubio, Komunyo na, ikifaa, Mpako wa Wagonjwa. Baada ya upasuaji mama hataweza kubeba mzigo mzito kwa wiki 6 hivi, au kama daktari atakavyosema. Kukamua, kuchota maji, kuchuma chai na kumbeba mtoto mdogo kutakuwa kazi yako, baba, na ya wale utakaowaomba msaada. Mambo ya kitandani yangoje vilevile mpaka daktari aruhusu.

Na itafika siku mama atafungua bandeji mbele yako. Atakuwa akikutazama uso kuliko anavyoyatazama makovu yake. Ulimwahidi mbele ya altare kumpenda katika afya na katika ugonjwa. Usigeuze uso. Neno lako la saa ile atalikumbuka maisha yake yote, basi liandae mapema na uliombee.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Jioni moja, watoto wakiisha kulala, ulizaneni haya. Mmoja aseme, mwingine asikilize mpaka mwisho:

– Ni maumivu gani ya mwili ninayobeba ambayo mwenzangu hayajui?
– Ninaogopa nini zaidi: upasuaji, fedha, maneno ya watu, au kupoteza upendo wako?
– Tunatumaini kupata mtoto mwingine? Lini?
– Tukiamua hivi au vile, nani atafanya kazi gani?

Kisha salini pamoja. Mnaweza kumwomba Mtakatifu Agata, bikira na shahidi wa Sisilia, ambaye kwa mapokeo ya Kanisa alikatwa matiti na watesi wake kwa ajili ya imani. Sikukuu yake ni tarehe 5 Februari, na wanaougua matiti humkimbilia.

Bwana Yesu, aliyemwona mama aliyepinda katikati ya sinagogi iliyojaa watu, awape ninyi akina baba macho ya kuona, na awape ninyi akina mama ujasiri wa kusema. Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee. Amina.